Kabla ya Kuomba Pasipoti: Anza na Safari, Fomu Ije Baadaye

Watu wengi wakitaka kusafiri huanza na fomu. Wanapiga picha, wanalipa ada, wanapanga foleni, na baada ya wiki kadhaa kijitabu kiko mkononi. Ndipo wanapogundua kwamba nchi wanayokwenda ina masharti mengine: inataka muda mrefu zaidi kwenye pasipoti, au kurasa tupu, au jina lisilotofautiana na la kwenye tiketi hata kwa herufi moja. Nimewajazia ndugu na jamaa fomu hizi kwa miaka mingi, na ushauri ninaowapa ni uleule: kaa chini kwanza uiandike safari. Unakwenda nchi gani, unapitia wapi, unarudi lini, unafuatana na nani. Ukishayajua hayo, utaona ni hati ipi inayokufaa, na tarehe ya kuanza kuiomba utaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Hati zenyewe si za aina moja. Anayekwenda kutembea, kusoma, kutibiwa au kufanya biashara anahitaji pasipoti ya kawaida. Pasipoti za kiutumishi na za kidiplomasia hutolewa na serikali kwa wanaosafiri kwa kazi zake, na si za kwendea likizo. Kuna pia hati ya dharura, ambayo ubalozi humpa mtu aliyepoteza pasipoti ugenini ili apate kurudi nyumbani. Mara nyingi ni ya safari moja, na baadhi ya nchi haziipokei hata kwa kupita tu, kwa hiyo usiitegemee kama njia ya mkato ya kukwepa foleni ya pasipoti.

Upo uwezekano pia kwamba huhitaji pasipoti kabisa. Raia wa Umoja wa Ulaya huzunguka ndani ya umoja huo kwa kitambulisho cha taifa. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho tangu 2014. Marekani nayo huwapa raia wake kadi ya pasipoti, ndogo ya kuingia kwenye pochi, lakini kadi hiyo hutumika kuvuka mpaka wa nchi kavu au kwa meli, kutoka Kanada, Meksiko, Bermuda na visiwa vya Karibi. Kwa ndege ya kimataifa haifai. Aliyeichagua kwa sababu ya unafuu wa bei, kisha akakata tiketi ya ndege, itambidi aombe mara ya pili.

Mkimbizi ana njia yake. Ibara ya 28 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inazitaka nchi zilizouridhia ziwape wakimbizi wanaoishi humo kihalali hati ya kusafiria, na mkataba wa 1954 una kifungu kama hicho kwa wasio na uraia wa nchi yoyote. Ukiwa na hati hiyo, hakikisha inakuruhusu kurudi katika nchi iliyokupa, na ruhusa hiyo inaisha lini. Pia usiombe pasipoti ya nchi uliyoikimbia kabla ya kuzungumza na mwanasheria, kwa kuwa hatua hiyo inaweza kuhesabiwa kwamba umerudi chini ya ulinzi wake, na hadhi yako ya ukimbizi ikaingia mashakani.

Sasa nije kwenye tarehe, jambo linalowakwamisha watu wengi uwanjani. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pasipoti si tarehe ya mwisho ya kusafiri nayo. Nchi nyingi, zikiwemo Indonesia na Singapore, hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Afrika Kusini hutaka siku 30 baada ya mwisho wa ziara yako. Nchi za eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zina masharti mawili kwa pamoja: pasipoti iwe hai kwa miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Hilo la pili huwaponyoka watu. Uingereza, kwa mfano, hadi Septemba 2018 ilikuwa ikiongeza miezi iliyobaki ya pasipoti ya zamani kwenye ile mpya, hivyo zikawepo pasipoti za zaidi ya miaka 10 ambazo nyumbani zilikuwa halali kabisa, lakini mpakani zilihesabiwa kuwa zimepitwa na wakati.

Kwa hiyo chukua kalenda. Ukitarajia kutoka eneo la Schengen tarehe 20 Desemba, pasipoti yako inatakiwa iwe hai walau hadi 20 Machi ya mwaka unaofuata. Kisha rudi nyuma: ombi la viza ya huko hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi unaoweza kutoka kwa siku 15 unaweza kuvutwa hadi siku 45. Katika muda huo pasipoti yako inaweza kubaki mikononi mwa ubalozi, na huwezi kuitumia kwa safari nyingine. Nyuma yake weka muda wa kutengenezewa pasipoti, na nyuma zaidi weka muda wa kutafuta vyeti na kurekebisha majina. Mimi huwaambia watu waanze miezi 9 kabla. Huona ni mbali mno, mpaka cheti cha kuzaliwa kinapokosekana.

Majina ndiyo yanayokula muda kuliko kitu kingine chochote. Mtu mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye cheti cha shule na Muhammad kwenye kitambulisho. Nyumbani hakuna anayejali, sote tunajua ni yuleyule. Kompyuta ya mpakani haijui. Dada yangu mmoja aliolewa, akachukua jina la mumewe kwenye kitambulisho na benki, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule likabaki la baba. Alipoomba pasipoti ya kwendea masomoni, chuo kilikuwa kimemwandikia barua kwa jina moja na fomu ya pasipoti imejazwa kwa jingine. Kuyaoanisha hayo kulichukua miezi miwili: cheti cha ndoa, hati ya kiapo, barua mpya kutoka chuoni. Alilia siku ile, nami sikumlaumu.

Kabla ya kugusa fomu, basi, tandika vyeti vyako vyote mezani na usome jina herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wake: la kwanza lipi, la ukoo lipi. Soma na tarehe ya kuzaliwa, maana wapo wanaoandika siku kwanza na wapo wanaoandika mwezi kwanza, na 04/07 inaweza kuwa Aprili au Julai. Ukikuta tofauti, amua jina lipi ndilo lako kisheria, kisha rekebisha vyeti vingine vilifuate hilo. Marekebisho hayo yafanyike kabla ya pasipoti kutoka, kwa sababu baada ya hapo kila viza na kila tiketi itaandikwa kwa jina lililochapwa humo, liwe sahihi au la.

Ni vizuri pia uelewe jinsi mashine inavyolisoma jina lako. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 44. Katika mstari wa kwanza jina limetengewa nafasi 39 tu, kwa hiyo majina marefu hukatwa. Ritifaa haiingii humo: mwenye jina lenye ng' ataliona limeandikwa kwa NG tupu, na si kosa. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, pamoja na tarakimu za ukaguzi ambazo mashine huzikokotoa ili kugundua kama kuna kilichosomwa vibaya. Utaratibu huu umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na ndio unaofanya pasipoti ya nchi moja isomeke katika nchi nyingine yoyote. Ukikata tiketi, nakili jina kama lilivyo kwenye ukurasa huo, si kama unavyoitwa mtaani.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua pasipoti yenye chipu. Utaitambua kwa alama iliyo kwenye jalada, mstatili mdogo wenye duara katikati. Tangu Aprili 2016, raia wa nchi ambazo Marekani imezisamehe viza hawawezi kuutumia msamaha huo bila pasipoti ya aina hii. Na kama nchi yako inatoa kijitabu chembamba na kinene, anayesafiri mara kwa mara achukue kinene. Kile chembamba kwa kawaida huwa na kurasa 32, hesabu iliyopendekezwa tangu mkutano wa pasipoti wa Paris mwaka 1920. Ni nyingi kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka, ila viza moja ya kubandika humeza ukurasa mzima, na viza ya Schengen huombwa kwa pasipoti yenye angalau kurasa mbili tupu.

Picha isikusumbue sana, bali isome masharti kabla ya kwenda kwa mpiga picha. Pasipoti saizi si saizi moja duniani: nchi nyingi hutumia milimita 35 kwa 45, Marekani hutumia 51 kwa 51. Iwe ya miezi 6 iliyopita au chini ya hapo, uso umetazama mbele, macho wazi, bila tabasamu la meno. Miwani usiivae kabisa. Kilemba au hijabu ya kidini hukubaliwa kwa kawaida, mradi uso uonekane wote kuanzia paji hadi kidevu.

Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, hata mchanga wa mwezi mmoja. Zamani watoto waliandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi, na bado kuna wazazi wanaodhani hivyo ndivyo ilivyo. Ya mtoto huwa na muda mfupi zaidi kwa sababu sura yake inabadilika haraka, hivyo ikague kila mara kabla ya safari. Akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, au na bibi, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo, iliyothibitishwa na wakili. Maofisa huuliza maswali haya kwa sababu watoto huibwa, na familia yenye karatasi mkononi hupita bila mtoto kutishika.

Mwenye uraia wa nchi mbili aamue mapema atatumia pasipoti ipi, wapi. Marekani humtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasipoti ya Marekani, hata kama ana nyingine. Zipo pia nchi zisizoruhusu uraia wa pili kabisa, na kuionyesha pasipoti isiyofaa mbele ya ofisa wake kunaweza kukugharimu uraia wenyewe. Hapa usisikilize vya kuambiwa na marafiki, soma sheria ya nchi zote mbili.

Katika kuomba kwenyewe, ogopa vishoka. Siku hizi hawakai nje ya ofisi tu, wana tovuti zinazofanana kabisa na za serikali, zinazokutoza mara mbili au tatu kwa kukujazia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe, na wanabaki na taarifa zako zote. Anwani ya tovuti ipate kutoka ubalozini au idara ya uhamiaji yenyewe, usiitoe kwenye tangazo la kwanza linalojitokeza ukitafuta. Tunza risiti na namba ya ombi. Kama kazi yako ni ya mikono, ya shamba au ya ujenzi, ngozi ya vidole huwa imelika: ipake mafuta siku chache kabla ya kuchukuliwa alama, ila siku yenyewe nenda na mikono mikavu na safi.

Pasipoti ya zamani usiitupe. Viza iliyomo inaweza kuwa bado hai, na Marekani huikubali ikionyeshwa pamoja na pasipoti mpya, mradi haijachanika wala kufutwa. Vibali vya kielektroniki vya kuingia nchini ni tofauti: vimefungwa kwenye namba ya pasipoti, na namba ikibadilika unaomba upya. Na kama uliripoti pasipoti imepotea kisha ukaikuta chini ya godoro, usiitumie tena. Namba yake huenda imeshaingia kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, iliyopo tangu 2002, na utazuiwa mpakani ukiwa na hati iliyo yako mwenyewe.

Ukienda mahali panapodaiwa chanjo ya homa ya manjano, kadi ya njano nayo ni hati ya safari. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa ya maisha yote. Hakikisha jina lililoandikwa kwa mkono wa muuguzi ni lile la kwenye pasipoti.

Siku ya kuipokea pasipoti, usiondoke kaunta kabla hujaisoma. Simama kando, fungua ukurasa wa picha, linganisha kila herufi ya jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mahali pa kuzaliwa na vyeti ulivyobeba. Kosa likionekana pale pale, itaeleweka kwamba si lako. Ukilileta baada ya mwezi, huenda ukaambiwa uombe na kulipa upya. Kisha tia saini mahali palipotengwa, piga picha ukurasa huo, na nakala moja umwachie mtu wa nyumbani unayemwamini.