Namna ya kumbana mheshimiwa kuhusu bahari ukiwa Arusha

Najua utasema bahari iko Tanga huko, sisi wa huku inatuhusu nini. Sasa siku mvua ikipiga nenda kasimame darajani mto Themi uangalie, chupa za maji, pampasi, ndala za mguu mmoja mmoja, vyote vinashuka. Themi unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, pale unatoka mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Sio kila chupa inafika, nyingi zinakwama njiani, ila njia ndo hiyo.

Kwa hiyo usikimbilie kwa mbunge, anza na diwani, taka ni kazi ya halmashauri. Na usimuulize "mheshimiwa unajali mazingira?" atakujibu sana tu na selfi mtapiga. Muulize kile kizimba cha taka cha karibu na mto kinazolewa mara ngapi kwa wiki na hela iko fungu gani. Mi niliuliza kwenye mkutano wa mtaa nikaambiwa "tumelipokea", basi nikawa napiga picha pale pale kila Jumamosi asubuhi, wiki sita, nikarudi nazo kwenye simu bila hotuba yoyote, mwenyekiti kuzipitia tu akaanza kuulizia namba ya dereva wa gari la taka 😂

Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka, mwananchi unaingia kusikiliza, ila swali lako diwani awe nalo mapema, siku ya kikao ushachelewa.

Mbunge ana msimu wake, Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni. Mpe swali moja fupi la kumuuliza waziri, sio malalamiko kurasa tano, halafu kalitafute kwenye hansadi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa bungeni, iko kwenye tovuti ya Bunge. Hujalikuta? Ndo swali lako la mkutano ujao.

Na asikwambie haiwezekani. Mifuko ya plastiki Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alitangaza bungeni Aprili 2019, tarehe 1 Juni marufuku ikaanza, watu tukarudi kwenye vikapu. Kilichofuata ndo kinaniuma, vile vifuko laini vya kufungia nyanya vikarudi sokoni kimya kimya, maana tamko bila mtu wa kulifuatilia ni hola.

Watu wa Moshi nyie mna bahati, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, wale wanaosimamia maji ya mito hii, iko hapo hapo mjini kwenu. Barua peleka kwa mkono, na usitoke bila nakala yako kugongwa muhuri.