Kausha vidole kabla ya kuvaa soksi

Mazoezi yetu huanza baada ya sala ya Alasiri. Vijana hutoka msikitini mbio, miguu ingali na maji ya udhu, wakavaa soksi pale pale barazani, kisha njumu, kisha saa moja na nusu ya kukimbia. Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu hapa Chake Chake, soksi zao nafua mimi, kwa hivyo humjua mwenye fangasi kabla mwenyewe hajasema.

Fangasi hupenda joto, giza na unyevu, na soksi mbichi ndani ya njumu ina vyote vitatu. Tazama baina ya kidole kidogo cha mguu na jirani yake: hapo ndipo ngozi huanza kuwa nyeupe, ikachanika, ikawasha. Basi weka kitambaa chako cha pamba mfukoni, ukimaliza kutia udhu futa kidole kimoja kimoja, na katikati yake. Soksi ulizoshinda nazo skuli usiende nazo mazoezini. Ukirudi nyumbani, legeza kamba za njumu, toa soli ya ndani, ziache zipigwe na upepo. Masika, nguo zinapogoma kukauka, mimi hujaza magazeti ndani ya njumu usiku na kuyabadilisha asubuhi. Bafuni kwa pamoja vaa ndara, ziwe zako.

Fangasi za miguu hupanda. Ukivaa bukta ya ndani huku mguu una fangasi, nguo huzikokota hadi kinenani. Kwa hivyo, mwenye fangasi avae soksi kwanza, bukta baadaye.

Hili la kinena nalijua kwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka 19, naona haya kwenda kituo cha afya. Mwenzangu akanipa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na sisi Pemba hayatupungukii. Nikayapaka hivyo hivyo, makali yalivyo. Ngozi iliungua ikachunika. Baadaye duka moja likaniuzia krimu iliyochanganywa na betamethasoni. Siku mbili muwasho ukatulia, nikafurahi, kisha choa kikatambaa hadi kiunoni. Dawa za aina hiyo huzima muwasho na wekundu, lakini huipunguzia ngozi nguvu ya kupambana na fangasi. Nawaomba sana, vijana wangu, muulize kilichomo kabla ya kulipa. Kwa fangasi za kawaida, krimu ya klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku juu ya ngozi kavu, wiki 2 hadi 4, na usiache siku ile muwasho unapokwisha. Ikipita wiki 4 bila nafuu, au ukiwa na kisukari, nenda ukaonwe.

Malengelenge ni ya njumu mpya. Zivae nyumbani siku chache kabla ya mechi. Lengelenge likitoka, usibandue ngozi ya juu, hiyo ndiyo bendeji yake. Mapaja yanayosuguana yapake mafuta ya mgando kabla ya kuingia uwanjani. Harara ya kaskazi haitaki mafuta: vua jezi iliyolowa jasho, oga, kaa penye upepo. Na ukimaliza mazoezi ya ufukweni ukajitosa baharini, jisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Sasa michubuko. Kwenye nyasi bandia za uwanja wa Gombani, ukiteleza kuwahi mpira, ngozi ya paja hubaki chini. Usisubiri filimbi ya mwisho ikiwa unaweza kutoka. Osha kwa maji safi na sabuni, toa chembe zote zilizonasa, paka mafuta ya mgando kidogo, funika. Hakikisha na chanjo ya pepopunda unayo.

Mchubuko ulioachwa wazi ndio mlango wa jipu. Usilikamue. Likiwa usoni, likikua haraka, wekundu ukitambaa au homa ikiingia, hospitali siku hiyo hiyo. Wembe na taulo havishirikiani watu wawili, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Mchezaji mwenye jipu simpi jezi mpaka lipone au daktari aniambie anaweza kucheza, na taulo lake nalifua peke yake kwa maji ya moto, nalianika juani.