Somo: Kuchagua na kuzungusha unyoya wa jogoo kwenye nzi wa trauti

Kila wiki swali ni lilelile: kola imeinama, nywele zinaelekea kila upande, nzi, yaani chambo bandia cha manyoya cha kuvulia samaki aina ya trauti, analala ubavu majini. Naliandika mara moja hapa, kwa anayefunga nzi wa kuelea wa mito ya baridi kama Gura, Sagana na Thiba. Mfano ni nzi wa kuelea aitwaye Adams, ndoano namba 14. Kola yake ina manyoya mawili ya rangi tofauti, hivyo kila kosa linaonekana. Kola ni ile duara ya nywele za unyoya zinazosimama kuzunguka ndoano, mbele na nyuma ya mabawa.

Uwe na jiliwa la kubana ndoano, bobini ya kushikia uzi, uzi mwembamba wa 8/0, mkasi wenye ncha kali, kibanio cha unyoya, na ngozi mbili za shingo ya jogoo: moja kahawia, nyingine ya milia ya kijivu na nyeupe.

1. Mkia, mwili na mabawa viwe tayari. Sehemu ya kola iwe na uzi mtupu uliolala sawasawa, bila mabonge, na nyuma ya tundu la ndoano ubaki upana wa tundu lenyewe.

2. Chagua unyoya. Ukunje kuzunguka shina la ndoano na uangalie nywele zinavyosimama: urefu wake uwe mara moja na nusu ya mdomo wa ndoano (nafasi kati ya ncha na shina lake), usizidi mara mbili. Pima kwa ndoano iliyo mkononi, maana namba 14 za watengenezaji wawili si lazima zilingane. Kisha inua unyoya kwenye mwanga. Kando ya uti wa unyoya utaona ukungu wa sufi usiong'aa, mpana chini, mwembamba kuelekea nchani. Sufi hiyo hunywa maji. Mwisho gusisha nywele kwenye mdomo wako wa juu: zikichoma kidogo, zitamwelesha nzi, zikipapasa kama pamba, uweke unyoya kando kwa nzi wa kuzama.

3. Chuna nywele zote za chini zenye sufi nyingi.

4. Lalisha manyoya mawili pamoja, upande unaong'aa ukitazama mbele. Bana uti nyuma ya mabawa kwa mizunguko 5 au 6 ya uzi, uupitishe mpaka mbele ya mabawa ndipo ukate. Uti uliokatwa mfupi huchomoka ukianza kuvuta.

5. Mzunguko wa kwanza. Hatua hii imeniharibia nzi wengi kuliko nyingine zote, kwa hiyo soma polepole. Uti wa unyoya si mviringo kamili. Ni bapa kidogo, kama punje ya mchele. Ukianza kuuzungusha hujigeuza ili ulalie ubapa wake. Kama nywele zinaanzia palepale uzi unapoishia, zile za kwanza hugeuka pamoja na uti: nyingine zinalalia tundu, nyingine zinachoma nyuma kwenye mwili, na kila mzunguko unaofuata unaegemea kosa hilo. Hakuna kuzichana baadaye zikanyooka. Dawa ni kuacha uti mtupu wa milimita 1 hadi 2 kati ya uzi na unywele wa kwanza. Nusu mzunguko wa mwanzo uwe wa uti mtupu, nywele zitokee uti ukiwa umeshatulia.

Onyo: ukiacha milimita 3 au zaidi, utapata pete ya uti isiyo na nywele, na nafasi uliyoitunza imeliwa bure.

Onyo la pili: kibanio kivute kwa mstari wa uti, si kwa kuupinda. Ukisikia mlio mdogo wa kuvunjika, acha. Uti umekauka.

6. Zungusha wa kahawia kwanza, 3 nyuma ya mabawa na 2 au 3 mbele, kila mzunguko ukigusa uliotangulia. Wa milia upite humohumo, huku ukitikisa kibanio kushoto na kulia ili uti upenye katikati ya nywele bila kuzilaza.

7. Bana ncha kwa mizunguko 3 ya kukaza, kata, tengeneza kichwa, fundo, tone la vanishi.

MASWALI

Mwanachama wa Embu: Nzi wangu anazama. Shida nini?

Jibu: Hujataja namba ya ndoano, aina ya unyoya wala idadi ya mizunguko. Soma hatua ya 2, kisha urudi na hayo matatu.

Mwanachama wa Rongai: Mimi nimefundishwa kubana nywele palepale uzi unapoishia, na nzi wanauzwa. Unachanganya watu.

Jibu: Weka mmoja kwenye jiliwa umtazame kutoka mbele. Nywele zikisimama duara kamili, endelea hivyo hivyo. Zikiwa zimelalia tundu, sababu nimeshaiandika.

Mwanachama wa Naro Moru: Shikamoo mwalimu. Je, uti kuwa bapa ni sawa kwa unyoya wa shingo na wa mgongo? Nimeona wa mgongo unatulia upesi zaidi.

Jibu: Marahaba, umeangalia vizuri. Unyoya wa mgongo wa jogoo aliyezalishwa kwa kazi hii ni mrefu, uti wake mwembamba na unaopindika, na nywele zake karibu zinalingana kutoka chini hadi juu. Mmoja hufunga nzi kadhaa. Wa shingo una sehemu nzuri fupi, lakini ngozi moja hukupa saizi nyingi, ndogo upande wa kichwani, kubwa kuelekea mabegani. Jaribu hivi: chuna kila mmoja, uviringishe uti mtupu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ubapa utausikia.

Mwanachama wa Karatina: Na jogoo wa kienyeji?

Jibu: Wengi wana sufi mpaka karibu na ncha. Kwa nzi wa kuzama wanafaa sana, mizunguko 2 tu, nywele zikilala nyuma. Mtetea ni laini zaidi. Unyoya wa kanga pia ni mzuri kwa kidevu cha nzi, yaani nywele chache chini ya kichwa chake.

Mwanachama wa Nyeri: Ngozi yangu ya zamani, uti unakatika kila mara.

Jibu: Funga manyoya ya leo tu kwenye kitambaa chenye unyevu kwa dakika chache. Usiloweshe ngozi nzima ukairudisha kwenye mfuko, itaota ukungu.

Mwanachama wa Embu: Namba 14, unyoya wa kienyeji, mizunguko 4.

Jibu: Sasa tunaelewana, ndugu. Kuongeza mizunguko kutaongeza sufi tu. Huyo mvulie chini ya maji, na kwa wa kuelea tafuta unyoya mwingine.

Mwanachama wa Thika: Wadudu wamekula ngozi zangu mbili.

Jibu: Kila ngozi mpya, hasa ya kuku uliyemchinja mwenyewe, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iwe kwenye friza siku kadhaa, itoe iyeyuke, uirudishe tena. Mayai yaliyosalimika mara ya kwanza hukamatwa ya pili. Ngozi mbichi kwanza ikwangue mafuta yote, uioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, uipigilie kwenye kadibodi manyoya yakiwa chini, uifunike kwa chumvi mpaka ikauke kau.