SOMO: Namna ya kuunda tume ya uchunguzi wa machafuko (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila ghasia zikitokea mahali naulizwa jambo lile lile. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa. Nazungumzia nchi zilizorithi sheria ya tume kutoka Uingereza, mfano Kenya (Sura ya 102) na Tanzania (Sura ya 32).

1. Soma sheria yenyewe. Si ndefu.

2. Hakikisha anayeteua ana mamlaka. Kwa kawaida ni Rais. Kamati ya waziri isiyo na sheria nyuma yake haina meno ya kumlazimisha shahidi.

3. Andika hadidu za rejea, yaani hati inayosema tume ichunguze nini na mipaka yake. Hapa ndipo tume nyingi hufa kabla ya kiapo. Taja tarehe ya kuanzia na kuishia, maeneo, na mwenendo wa nani unachunguzwa. Ukiandika "kuchunguza vurugu" ukaishia hapo, utaletewa ripoti ya vijana waliochoma matairi, na aliyetoa amri ya kufyatua risasi hatakuwamo. Tume ya Jaji Waki, Kenya, 2008, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, iliagizwa bayana kuangalia vyombo vya usalama. Ndiyo maana iliweza kuviuliza. Jaji wa Uingereza, Lord Widgery, alichunguza mauaji ya waandamanaji waliopigwa risasi na wanajeshi wa Uingereza huko Derry, Ireland ya Kaskazini, Januari 1972, akamaliza Aprili mwaka huo huo. Familia ziliikataa ripoti yake, ikaundwa tume nyingine mwaka 1998, iliyotoa ripoti 2010. Haraka ile iligharimu miaka 38.

ONYO: weka ndani ya hati yenyewe siku ambayo ripoti itatangazwa kwa umma. Usiseme "itashughulikiwa baadaye". Ripoti ya tume ya Jaji Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila Kenya ilikabidhiwa 1999, wananchi wakaiona 2002.

ONYO la pili: usinakili hadidu za tume ya zamani ukabadilisha tarehe tu. Wakili yeyote mzuri ataligundua siku ya kwanza.

4. Wajumbe. Idadi iwe witiri. Waki alikuwa na wenzake wawili, wote kutoka nje ya Kenya. Si lazima uige, ila jiulize nani nchini kwako hana ndugu upande wowote.

5. Tangaza kwenye Gazeti la Serikali, apisha.

6. Sekretarieti: katibu, wakili wa tume, wachunguzi, masijala, waandishi wa hansadi (kumbukumbu za neno kwa neno), fungu lake la fedha. Wachunguzi wasiazimwe kutoka chombo kinachochunguzwa. Hili linasahaulika mno, na shahidi akimwona askari wa kituo kile kile ndiye anayeandika maelezo yake, harudi.

7. Ulinzi wa mashahidi uwe tayari KABLA ya tangazo la kwanza la kuwaita watu.

8. Unayekusudia kumtaja vibaya kwenye ripoti, mwandikie kwanza, ajieleze.

Maswali karibuni.

Mzee_wa_Data: Mkuu, kwa hiyo tume itawafunga waliopiga risasi?

Mwandishi: Hapana. Tume inatafuta ukweli na kupendekeza. Kufunga ni kazi ya mahakama.

Mzee_wa_Data: Sasa faida yake nini?

Mwandishi: Rudia hatua ya 3, taratibu.

Kisiki: Tume zote kiini macho. Wewe unazipigia debe tu.

Mwandishi: Nimetaja mbili zilizoharibika, Widgery na ripoti iliyofichwa miaka mitatu. Hilo ndilo debe? Kama una njia nyingine ya kumfikisha kamanda mezani chini ya kiapo, iandike hapa tuisome.

Bi_Nuru: Kaka, samahani kama ni nje ya somo. Ile bahasha ya Waki yenye majina ya washukiwa ilikuwa na nguvu gani, ilhali tume haihukumu?

Mwandishi: Dada, hilo limo kabisa ndani ya somo. Tume ilipendekeza mahakama maalumu ndani ya Kenya, na ikasema isipoundwa, majina yaende kwa mwendesha mashtaka wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bahasha alipewa Kofi Annan, aliyekuwa msuluhishi wa mgogoro ule. Bunge likaukataa muswada wa mahakama hiyo Februari 2009, Julai Annan akaikabidhi kwa Ocampo, mwendesha mashtaka huyo. Yaani pendekezo lilibeba ndani yake kitakachotokea likipuuzwa. Mapendekezo mengi hayana hilo, yanaishia kabatini. Lakini fuatilia mwisho: huko ICC, mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang ikakomeshwa Aprili 2016, na mashahidi kujitoa na kubadili maneno kulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Ndiyo maana hatua ya 7 iko pale ilipo.

Bi_Nuru: Na shahidi akiogopa maneno yake yatamrudia mahakamani?

Mwandishi: Sheria nyingi za aina hii zinazuia kauli ya mbele ya tume isitumike dhidi ya aliyeitoa, isipokuwa akishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Asomewe kifungu hicho kwa lugha anayoielewa, kabla hajaanza.

Fundi_Simu: Naongezea: video za ghasia pokeeni faili halisi kutoka simu iliyorekodi. Iliyopita WhatsApp kwa kawaida imeshapoteza taarifa za tarehe na mahali.

Mwandishi: Asante, fundi. Na aliyeileta asaini fomu ya makabidhiano pale pale, kila mkono inaopitia uandikwe.

Mzee_wa_Data: Mkuu, witiri ni nini?

Mwandishi: Tatu, tano, saba.