SOMO: Kuchagua gereji ya bodi na rangi, kwa mara ya mwisho

Wakuu, salaam. Swali la "gari langu limegongwa, nilipeleke wapi?" nimelijibu mara nyingi hadi naanza kunakili majibu yangu mwenyewe. Leo naliandika lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Sitaji gereji yoyote. Gereji ni mafundi wake, na mafundi huhama. Ninachoweza kukupa ni macho ya kuitazama.

Mimi si fundi. Ni mtu aliyelipia mlango mmoja mara mbili.

Hatua ya 1. Piga picha gari lote kabla halijatoka mikononi mwako, pamoja na dashibodi ikiwa imewashwa.

Hatua ya 2. Zungukia gereji tatu ukiwa na gari lenyewe. Anayekutajia gharama kwa simu bila kuliona anabahatisha, au anakuvuta tu ufike.

Hatua ya 3. Tazama uwanja, si ofisi. Je, rangi inapulizwa kwenye chumba kilichofungwa, au mmoja anapuliza huku mwenzake anapiga msasa hatua tano pembeni? Vumbi lile litalala kwenye rangi yako. Mtazame pia mpulizaji amevaa nini. Rangi nyingi za magari za siku hizi huchanganywa na kigumishi chenye isosianeti, kemikali inayoharibu mapafu. Nikimkuta amejifunga kitambaa puani badala ya barakoa ya kazi, naondoka. Tajiri asiyejali mapafu ya kijana wake hawezi kuujali mlango wangu. Kisha omba kuona gari lililo tayari kukabidhiwa: mwanya kati ya mlango na fenda uwe sawa juu hadi chini, na raba za milango zisiwe na rangi.

Hatua ya 4. Makadirio yawe ya maandishi. Kila sehemu iandikwe: inanyooshwa au inabadilishwa? Kama inabadilishwa, spea ni ya kiwandani, ya kuiga, au iliyotoka kwenye gari jingine? Gharama kupanda baada ya gari kufunguliwa si lazima iwe wizi. Bampa la plastiki hugongwa likarudi kwenye umbo lake, huku chuma cha nyuma yake kimepinda, na huwezi kukiona hadi bampa lishuke. Wizi ni kupandisha bila kukupigia simu wala kukuonyesha.

Hatua ya 5. Kama gari liligongwa kwa nguvu, uliza watapimaje umbo lake. Magari mengi madogo hayana chesisi ya peke yake, bodi ndiyo mifupa. Ikipinda kidogo tu matairi hulika upande mmoja na milango hugoma kufunga. Gereji inayojijua ina vifaa vya kupimia na inalinganisha na vipimo vya mtengenezaji. "Tunaona kwa macho" si jibu. Uliza pia kama nguzo za pembeni watazichoma moto ili zinyooke. Chuma kigumu kinachotumika siku hizi kwenye nguzo hizo hupoteza nguvu kikipashwa moto, kwa hiyo hubadilishwa.

Hatua ya 6. Lione gari KABLA ya rangi.

Hapa ndipo niliponyolewa bila maji. Mlango wangu wa nyuma ulibonyea. Gereji ilikuwa safi, mwenyewe ana heshima, na kila nilipopiga simu nilijibiwa "liko mbioni, mkuu". Nikalipokea linang'aa kama kioo, nikawasifia kwa watu. Baada ya miezi kadhaa ukatokea mstari mwembamba kama unywele karibu na kitasa. Nikadhani ni mkwaruzo. Mstari ukazaa mingine, kisha siku moja nimefunga mlango kwa nguvu kidogo, kipande cha ukubwa wa kiganja kikadondoka chini. Kilikuwa puti tupu, ile lipu ya kupaka juu ya bati, nene kama kidole changu. Nyuma yake bati lilikuwa limebonyea vilevile kama siku nilipolipeleka, hakuna nyundo iliyoligusa, na kutu imeshaanza kula. Fundi wa pili alicheka kwanza ndipo akanieleza. Puti ni ya kusawazisha mawimbi madogo baada ya bati kunyooshwa, unene wa milimita 3 hivi, ikipungua ndiyo vizuri. Ikiwa nene, jua likiwaka bati linatanuka na puti inatanuka kwa namna yake, mlango nao unapigwa kila siku, mwisho zinaachana. Maji yakishapenya kwenye ufa, puti huyanyonya na kuyatunza juu ya chuma.

Basi shika haya:

Andikisheni kwenye karatasi ya kazi kwamba utaitwa mara mbili: bati likiwa limenyooshwa na puti haijapakwa, kisha praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) ikishakauka. Akikataa, chukua gari lako. Usijadiliane, usimwonee haya.

Huwezi kwenda? Wakutumie picha, lakini namba ya gari ionekane kwenye picha hiyohiyo. Mimi nilitumiwa picha ya mlango uliopigwa praima vizuri sana. Haukuwa wangu.

Pesa iliyobaki usiimalizie kabla ya hatua hii. Na maneno "tumeshapiga rangi kukuwahisha" yakikukuta, dai wapime unene wa rangi mbele yako.

Hatua ya 7. Lipokee mchana, nje, likiwa limeoshwa na kukauka. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kuachana kwenye mwanga wa jua. Kwa rangi zenye chembe za kumetameta, fundi mzuri huifuatisha rangi mpya hadi kwenye sehemu ya jirani ikififia taratibu, ili jicho lisipate mpaka. Washa swichi: taa ya mfuko wa hewa (airbag) kwenye dashibodi iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa ogopa, huenda mtu ameing'oa ili usijue mfuko haukurudishwa. Na kama gari lina kamera kwenye kioo cha mbele au rada kwenye bampa, uliza vilipimwa upya lini na karatasi iko wapi.

Hatua ya 8. Dhamana ya maandishi. Ya mdomo huisha ukitoka getini.

Maswali karibuni, ila soma kwanza.

---

Njia_Panda: Asante mkuu, somo zuri. Sasa gereji gani nzuri? Niwekee namba.

Mwandishi: Aya ya kwanza.

Mama_Pacha: Kaka, nimesikia sumaku inaweza kugundua puti. Ni kweli, au hadithi za vijiweni?

Mwandishi: Ni kweli, dada, na umeuliza vizuri. Chukua sumaku dhaifu, ifunge kitambaa laini isikwaruze, uibandike kwanza upande ambao haukugongwa ili mkono uzoee mvuto wake. Kisha nenda upande wa pili. Ikishika kwa uvivu au kudondoka, kuna kitu kinene kati yake na chuma. Ila haifanyi kazi kwenye plastiki wala alumini, na baadhi ya magari yana boneti za alumini, kwa hiyo usianze ugomvi kabla hujajua. Bora zaidi ni kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 180 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Sehemu iliyopigwa rangi tena hukaribia mara mbili ya hapo. Ukikuta 1,000 na zaidi, hiyo ni puti.

Mama_Pacha: Kumbe! Basi hata nikinunua gari lililotumika naweza kulikagua hivyo?

Mwandishi: Ndiyo, na ongeza hili: fungua boneti utazame vichwa vya boliti zinazoshika fenda. Kama rangi imechubuka pale spana inaposhika, fenda iliwahi kushuka. Si kosa lenyewe, ila muuzaji aliyekwambia "halijaguswa" ana maswali ya kujibu.

Nyundo_na_Toho: Mimi ni fundi wa bodi. Mkuu, unatuchafua. Puti si dhambi, hakuna gari linalonyooshwa likakosa puti kabisa.

Mwandishi: Nimeandika milimita 3, sijaandika sifuri. Rudia kusoma.

Nyundo_na_Toho: Nimesoma. Hata hivyo waambie na upande wa pili. Mteja anataka bei ya puti na kazi ya nyundo, halafu anataka gari kesho.

Mwandishi: Hapo nakubali, na nilipaswa kuliandika. Wakuu, ukimbana fundi kwenye siku na bei, anakata pasipoonekana. Praima na puti vinahitaji muda wa kukauka. Rangi ikipulizwa juu ya puti ambayo haijakaa, baada ya wiki chache utaona alama za msasa zikitokeza juu.

Haraka_Haraka: Ndefu sana. Fupisha.

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kwa_Jasho: Mimi bima imenipangia gereji. Nina haki ya kukataa?

Mwandishi: Inategemea mkataba wako wa bima, usome. Mingine inakuachia uchague, mingine haikuachii. Lakini hata ukipangiwa, hakuna anayekukataza kwenda kuliona gari kabla ya rangi. Na usiku usiweke saini ya kuridhika na kazi.

Sina_Bahati: Nimelipa yote mwanzoni, sasa wiki ya tatu simu hawapokei. Nifanyeje?

Mwandishi: Nenda leo kwa miguu yako, na picha zako za hatua ya 1 na stakabadhi. Taka siku ya kukabidhiwa kwa maandishi. Hakikisha gari lipo na vipande vyake vyote vipo.

Sina_Bahati: Picha sikupiga. Stakabadhi hawakunipa.

Mwandishi: Basi kapige picha kwanza lilivyo sasa, usiseme neno, ndipo uanze kudai. Na nenda na shahidi.

Waya_Moto: Langu ni la umeme. Kuna tofauti yoyote, au bati ni bati?

Mwandishi: Swali zuri. Bati ni bati, ila kuna betri kubwa chini ya sakafu. Uliza nani pale amefundishwa kuzima umeme mkubwa kabla ya kukata au kuchomelea, na akuambie anafanyaje. La pili, vyumba vya kukaushia rangi hupashwa joto la nyuzi 60 hivi, na watengenezaji huweka kikomo cha joto na muda ambao betri inaruhusiwa kukaa humo. Gereji ikijua kikomo cha gari lako bila kubabaika, umepata watu.

Nyundo_na_Toho: Niongezee. Msiyapakie magari nta mara tu yakitoka. Subirini siku 30 angalau, rangi bado inapumua. Kuosha kwa maji na sabuni laini hakuna shida, ila brashi za mashine hapana.

Mwandishi: Asante, fundi. Na mimi nikikumbuka, huomba rangi iliyobaki kwenye kichupa kidogo, niandike tarehe. Kokoto ikichubua baadaye unaziba kabla ya kutu.

Mama_Pacha: Na mbonyeo mdogo ambao rangi haijapasuka, lazima upakwe rangi upya?

Nyundo_na_Toho: Hapana, dada. Kuna mafundi wanausukuma kwa fimbo kutoka nyuma ya bati, taratibu, rangi ile ile ya kiwandani inabaki. Ukiwa kwenye ukingo au bati limetanuka sana ndipo inashindikana. Mimi kazi hiyo siijui, namtuma mteja kwa mwingine.

Mwandishi: Wakuu, mmemsikia fundi anayesema "hiyo siijui"? Huyo ningempa gari langu.

Njia_Panda: Fundi, niwekee namba basi.