Kutoka Mbeya hadi Dar reli ya TAZARA ikikatika

Kutoka stesheni ya Mbeya, pale Iyunga, hadi Dar es Salaam reli ina kilomita zipatazo 850. Treni ya abiria ikienda vizuri hutumia saa 20 hadi 24. Basi la alfajiri hutumia saa 12 hadi 15. Ila njia ni moja: behewa la mzigo likianguka, kila treni iliyo nyuma inasubiri. Ukiwa na shughuli ya lazima Dar, acha siku nzima katikati.

Panaposumbua ni Makambako hadi Mlimba, kama kilomita 157. Hapo reli inateremka milima kuingia bonde la Kilombero, na ndipo mahandaki na madaraja yalipojazana. Mvua za Novemba hadi Aprili zikishalowesha kingo zilizochongwa, udongo unaporomokea relini. Tope likiziba karavati, maji yanapanda juu ya tuta na kuondoka na kokoto zinazoshikilia mataruma yaliyobeba reli. Reli inabaki inaning'inia. Kusafisha udongo ni kazi ya muda mfupi, kurudisha tuta ni kazi ya siku.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, uliza stesheni mambo mawili: treni inayotoka Zambia imeshavuka mpaka wa Tunduma? Na njia ya Makambako–Mlimba iko wazi? Jibu la "ratiba ipo kama kawaida" halitoshi, ratiba haioni maporomoko.

Makambako ndipo pa kukata shauri. Ukisikia mbele kumefungwa, shuka hapo hapo: barabara kuu iko karibu, na mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea yanayokwenda Dar yote yanapita. Ukipitiliza, umejifunga. Ukikwama Mlimba, barabara ya kwenda Ifakara ni ya udongo na masika haina huruma. Kama treni ina dalili ya kusogea, bora ungoje ndani. Ifakara ndipo unapata tena gari la uhakika, kupitia Kidatu hadi Mikumi.

Anayeanza safari Mbeya akijua reli imefungwa apande basi hadi Morogoro, kisha SGR, yaani treni ya umeme; treni hiyo hufika Dar chini ya saa mbili na kukushusha katikati ya jiji, umekwepa foleni ya Chalinze hadi Mbezi. Basi la saa 12 asubuhi hufika Morogoro kama saa 10 au 11 jioni, basi kata tiketi ya treni ya usiku, si ya jioni. Jina la kwenye tiketi lifanane na kitambulisho. Stesheni ya SGR haiko stendi ya Msamvu, tenga nauli ya bajaji.

Lori likiziba mlima Kitonga, mbele ya Iringa, usisubiri mlimani. Iringa mjini kuna mabasi ya Dodoma kupitia Mtera, kama kilomita 260 za lami, na kutoka Dodoma SGR hufika Dar kwa saa zisizozidi nne hivi. Ndege ya kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, ni saa moja na ushee, kwa mwenye nazo.

Mwenye magunia ya viazi SGR haimfai, mizigo ina kikomo. Huyo apakie kwenye basi tangu Mbeya, hadi Mbezi, bila kubadilisha gari njiani.