Biskuti za mbwa mwenye tumbo jepesi

Wenye mbwa wa kuhara kila akionja kitu kipya, hebu jaribuni hii. Mimi hununua malenge pale soko la Kibuye, Kisumu, nachemsha bila chumvi, naponda kikombe kimoja, naongeza yai moja na unga wa mchele kama vikombe viwili hivi mpaka donge liache kunata mkononi, basi, hakuna sukari hakuna maziwa hakuna mafuta, maana mafuta ndiyo huwasumbua wengi. Malenge yana ile fiba laini inayoshika maji tumboni kwa hivyo choo kinakuwa kigumu kidogo. Kata vidogo kama ukucha wa kidole gumba, oka nyuzi 175 dakika 25 ama 30. Huna oveni? Sufuria ndani ya sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, lakini usiondoke jikoni, zangu za kwanza ziliungua nikiongea na jirani 😅

Kitunguu, saumu, zabibu kavu, chokoleti, hizo ni sumu kwake, usitie hata kidogo. Ukitaka kuongeza siagi ya karanga soma kibandiko kwanza, ikiwa na zailitoli (xylitol, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, nayo ni sumu kwa mbwa) iache dukani.

Siku ya kwanza mpe moja tu uone choo cha kesho. Zikikubali, biskuti zisipite sehemu moja kwa kumi ya chakula chake cha siku. Kwa friji zinakaa kama wiki. Akihara damu ama akikataa maji, achana na biskuti mpeleke kwa vet.